Mlango wa Mama Dobi

Mheshimiwa diwani, ndugu meneja wa kampuni ya intaneti, mwenye nyumba wetu ambaye leo kavaa tai, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wapangaji wenzangu wa vyumba kumi na vinane, hamjambo?

Mimi ni fundi viatu, na kwa kura zenu ndimi mwenyekiti wa jengo hili. Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Anayenijua ameshacheka.

Miaka miwili tumetegemea kifaa kimoja cha intaneti kilichotundikwa koridoni, kwa sababu bando la simu liliisha kabla ya salamu, na intaneti ya chumbani ilikuwa ya wenye nacho. Nani kati yetu hajakalia ndoo pale koridoni akituma maombi ya kazi, huku jirani anasoma kwa nyuma na kumsahihisha? Nani humu homa yake, mapenzi yake na matokeo yake ya mtihani hatuyajui? Tulijuana, jamani, mpaka tukapitiliza!

Mnamwona Mama Dobi pale mbele, anayefua nguo za nusu ya mtaa huu. Bintiye anasomea uuguzi, mbali, na kila Jumapili walikuwa wanaonana kwenye simu, koridoni, mbele yetu sote. Mwezi uliopita binti akasema, "Mama, kuna jambo nataka nikuambie." Mama hajafungua mdomo, mtu mmoja mwenye kiherehere akadakia, "Sema tu mwanangu, tupo!" Binti akasema, "Basi mama, siku nyingine. Nataka nikuone uso, tukiwa wawili tu." Tangu siku ile mama hali vizuri, halali vizuri, na mashati yangu yanarudi na povu.

Mheshimiwa, mwenye kiherehere ni mimi. Niliona aibu mpaka nikafunga kibanda. Kesho yake nikaenda kwa meneja huyu, nikamganda kama gundi ya soli, siku nne mfululizo, mpaka akakubali: tujiunge jengo zima kwa bei ya pamoja, waya uingie kila chumba, na anayelipwa kwa siku aruhusiwe kulipia kwa wiki. Ndugu meneja, ulinifukuza mara mbili, lakini una moyo. Mpigieni makofi! Aa, hayo ya wagonjwa, ongezeni!

Leo asubuhi wamemaliza chumba cha mwisho, cha Mama Dobi. Taa ya kijani inawaka, nimeiona kwa macho yangu. Na binti ameahidi kupiga saa kumi kamili.

Mama, muda umefika. Iache hotuba yangu, nenda, ingia ndani, funga mlango. Akikuambia la kucheka, cheka naye. La kulia, lia naye. Sisi hatutauliza. Mimi hasa sitauliza.

Nyinyi wawili wa nyuma, mnaenda wapi? Rudini mkae! Ndugu zangu, asanteni kwa masikio mliyonipa, na nawaomba yabaki hapa hapa uani mpaka mama atoke.