Kwaki Ni Upande Gani

Kwenye benchi la kahawa la Ng'ambo, hapa Tabora, kila mtu ana shahada yake. Injini ana ya reli, maana alipeperusha bendera stesheni mpaka akastaafu. Wakili alipata ya sheria siku alipoitwa mahakamani kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi. Silasi hana yake, anatambia ya binti. Levina yuko ughaibuni anasomea udaktari usio wa sindano, na Jumapili hii baba mtu atasimama kanisani kutoa shukrani na kueleza huo udaktari ni wa nini. Hajui, na aibu inamla.

Kuna siku Levina alimfafanulia kwa asali: iliyoganda ukiipasha moto inalegea, na vichembe viitwavyo kwaki, vilivyobanana ndani ya kila kitu, vikipata joto kuliko la jua, navyo vinaachiana. Wavu anaovipangia ni wa hesabu tu, kwenye kompyuta. Silasi aliitikia ndiyo nyingi, akabaki na asali. Sasa akawasikilizisha wenzake ujumbe wa sauti wa jana: “Baba, nakokotoa kwaki kwenye wavu, nione zinavyobadilika hali kwenye joto kali.”

— Kwihara naijua, alisema Injini. Kwaki ni upande gani?

— Si mahali, alisema Wakili. Kitu kiko kwenye wavu, hao ni samaki.

— Na joto kali?

— Wa kukaanga. Ndiyo maana wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

Injini akatikisa kichwa. Tangu lini samaki akabadilika hali? Anayebadilika hali ni mgonjwa, na hapo watu huanza kuulizia turubai.

— Joto kali ni homa. Wavu ni chandarua. Kwaki wamelazwa, Silasi, na binti anakuficha usihuzunike.

Ikaingia akilini kiasi kwamba Silasi akaanza kuwahurumia kwaki.

Bodaboda ikamshusha Paskazia, dada mkubwa wa Silasi, katokea kijijini Lusu kwa ajili ya shukrani. Baada ya shikamoo na marahaba wakamwekea ujumbe, aamue kati ya samaki na wagonjwa. Akausikiliza kainama, akaomba urudiwe.

— Sauti imemkauka. Huko anakula na nani?

Silasi alikuwa akiuliza habari za masomo kila alipopiga, apate ya kusimulia. Hilo hakuwahi kuliuliza, na likamuuma. Akapiga simu palepale.

— Baba, ni ile shukrani ya Jumapili? Nikueleze tena?

— Hapana, mama. Umekula?

Kisha Levina akaanza kujibu, kwa Kinyamwezi, na Silasi akaelewa kila neno.