Mama Wasiwasi na Hita ya Pikapu ya Mlimani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu atavua ovaroli lake baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Kwenye faili la utumishi ana jina refu na zuri. Hapa karakana hakuna anayelitumia. Sisi humwita Mama Wasiwasi, naye huitika.

Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Mafundi wengine hukaza nati wakaenda kunywa chai. Yeye hukaza, huondoka, kisha hurudi mbio kuikagua kama mzazi aliyesahau mtoto dukani. Mumewe, ambaye ni seremala, anasema safari yao yoyote huanza mara mbili: kwanza mpaka njia panda, halafu wanarudi nyumbani kuangalia kama jiko limezimwa, ndipo safari yenyewe inaanza. Ukimcheka, jibu lake ni moja: “Wasiwasi ndiyo akili, baba.”

Aliajiriwa kuosha magari. Alikuwa mwanamke peke yake katikati ya wanaume waliodhani hatamaliza mwezi. Aliosha magari huku akiuliza maswali, mpaka fundi mkuu wa wakati ule akachoka kumjibu akampa spana. Tangu hapo amefungua na kufunga kila injini iliyowahi kuingia lango hili, pamoja na jenereta la chumba cha upasuaji, ambalo halijawahi kuzimika ovyo tangu alipokabidhiwa. Mafundi watatu walio hapa leo amewafundisha yeye, na wote watatu wameambukizwa: wanakaza, wanaondoka, wanarudi.

Mimi ni dereva wa pikapu inayopanda zahanati ya mlimani. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa naye siku ya hita, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande. Wacha niisimulie yote, maana mwenyewe akiulizwa husema tu kwamba gari lilikwenda na likarudi.

Ulikuwa msimu wa baridi. Pikapu ilikuwa kuukuu hata wakati huo, lakini ndiyo pekee iliyoiweza ile njia ya mawe. Kwa siku kadhaa nilikuwa nasikia harufu tamutamu ndani ya gari. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa, maji ya injini yanapungua wala sioni yanapodondokea, na kioo cha mbele kinajipaka utando wa mafuta, ukiufuta unarudi. Safari ya mwisho nilishuka mlima kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Mama Wasiwasi aligusa zulia, akanusa vidole, uso ukabadilika.

“Redieta ya hita imetoboka,” alisema. “Na wewe umeliendesha hivihivi kwenye ukungu?”

Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyekutwa juu ya paa.

Kwa asiyekijua, kifaa hicho ni redieta ndogo, ukubwa wa kitabu kinene. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake, feni hupuliza, na joto linalotoka ndilo linalokausha kioo cha mbele. Shida ni mahali kinapokaa. Waliounda pikapu ile ni kama walianza na hita, kisha wakajenga gari zima juu yake. Ili uifikie ni lazima ung’oe dashibodi yote: redio, saa, matundu ya hewa, na plastiki za miaka mingi zinazokatika ukizitazama vibaya.

Alianza asubuhi. Kila skrubu aliibandika kwa utepe kwenye ubao, na pembeni akachora ilikotoka. Redieta mpya aliizamisha kwenye beseni la maji, akapuliza hewa ndani na kusubiri mapovu. Nilimwambia imetoka dukani leo. “Kipya nacho huzaliwa na ugonjwa,” akasema. Hakukuwa na mapovu. Mchana redieta ilikuwa imeshaingia mahali pake, lakini mipira ya maji ilikuwa haijaungwa, na dashibodi ilikuwa imelala sakafuni kama ng’ombe aliyechinjwa.

Hapo simu ikalia.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya mlimani. Ana mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu usiku, mtoto amekaa vibaya, anahitaji kupasuliwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limesafiri mbali, na hata lingekuwepo, ile njia ingelirudisha. Mkuu wa usafiri alikuja mbio karakana. Alipoona sakafu, alishika kichwa.

“Mama, inachukua muda gani kurudisha haya madude?”

“Mpaka jioni.”

“Basi iruke hita. Hiyo mipira miwili iunganishe huku nje, maji yasipite ndani kabisa. Gari litatembea au halitatembea?”

“Litatembea, bosi.”

“Sasa?”

Nilimwona akijifuta mikono. Alitazama mlima kupitia mlangoni. Wingu lilikuwa limeshaanza kushuka, kama kawaida yake saa za alasiri.

“Litatembea,” alisema tena. “Likifika kwenye ukungu litaona kwa macho ya nani? Watu wakihema humo ndani kioo kitakuwa ukuta. Tutampakia mgonjwa mmoja, tutawatupa bondeni wanne.”

Mkuu wa usafiri hakubishana. Ni mtu mwema, na alikuwa ameogopa kama sisi. “Unataka nini?” akamuuliza.

“Nusu saa. Na nitakwenda naye.”

Sijawahi kuona mikono ikifanya kazi vile. Aliunga mipira kwenye redieta mpya. Alifunga chuma kinachobeba usukani, akakikagua, akakikagua tena, huku mkuu wa usafiri akitafuna kidole pale mlangoni. Dashibodi akaiacha palepale ilipo. Geji za gari, zikiwa zimening’inia kwenye nyaya zake, akazilaza kwenye kiti cha abiria. Kisha akachukua boksi la redieta mpya, akalikata na kulizungushia utepe mpaka likawa bomba bapa la kupeleka hewa ya hita kwenye kioo. Mtu wa kulishikilia bomba hilo ni yeye.

Tukajaza maji, tukaliwasha, tukatoka. Muda wa kutoa hewa yote iliyobaki kwenye mipira haukuwepo, na hilo ndilo lilikuwa likimla moyo.

Njia nzima ya chini alikaa hivi. Geji zilikuwa mapajani pake, bomba la boksi mikononi, macho kwenye mshale wa joto. Tulipoanza kupanda, ukungu ulitupokea kwenye kona ya kwanza. Kioo kikaanza kupauka pembeni.

“Washa hita.”

Nikawasha. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi kama ya kaburini.

“Labda bado haijapata moto,” nikasema.

“Injini ina moto wa kutosha. Mshale unapanda.” Aliinamia geji. “Hewa imejifungia ndani. Maji hayazunguki.”

Nikageuka nimtazame. “Macho mbele!” akanikemea. Mbele kulikuwa kweupe. Nilikuwa naendesha kwa kukumbuka tu: hapa kuna jiwe, hapa njia inakunja, hapa kushoto hakuna kitu. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Mshale ukapita katikati.

“Simama.”

“Hapa? Kwenye mwinuko?”

“Hapahapa, pua ikiangalia juu. Hewa hupenda juu. Usizime injini.”

Nikavuta breki, nikashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Yeye alishafungua boneti. Alijizungushia kilemba chake mkononi, akashika mpira wa juu wa hita na kulegeza kibano chake kidogo. Mpira ulikohoa hewa, ukatema mvuke, ukatulia, ukatema tena. Nilitaka kumvuta. Ghafla maji ya moto yakaruka, yakampata kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Hakuachia. Alikaza kibano kwanza, ndipo akapiga kelele.

Aliongeza maji kwenye chupa ya akiba, akapanda garini, akaweka mkono usioungua mbele ya bomba la boksi. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo.

“Lipo,” akanong’ona. “Joto lipo, mdogo wangu. Twende.”

Kioo kilifunguka kuanzia chini: kwanza tundu la kama sahani, halafu sinia, halafu nikaiona njia. Mshale ukashuka ukatulia.

Mkunga alikuwa amesimama nje akitusubiri. Tulimlaza mgonjwa nyuma, kwenye godoro ndani ya bodi la gari. Mkunga akaketi upande mmoja, mume wa mgonjwa upande wa pili, amemshika mkewe miguu kama mtu anayeogopa ataruka. Nikamuuliza mkunga kama tumechelewa. “Endesha,” akanijibu, na mimi nikaelewa nisiulize tena.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Watu watatu nyuma, jiwe kila hatua. Mama Wasiwasi alilishika bomba kwa ule mkono ulioungua, mbele ya hewa ya moto, kwa sababu ndio uliofika kwenye pembe yangu ya kioo. Nilimwambia abadilishe. Akasema akibadilisha nitapoteza njia. Katikati ya mlima tukasikia kofi kwenye kioo cha nyuma, tena na tena. Tuliangaliana. Nadhani sote wawili tuliwaza jambo moja.

“Msisimame!” sauti ya mkunga ilipita kwenye mwanya. “Nasema polepole tu, anatupwatupwa! Lakini msisimame!”

Tukashuka polepole. Sijui nilipumua mara ngapi.

Mgonjwa aliingia chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mume wake alikaa kwenye benchi, sisi tukakaa naye. Baadaye nikaona Mama Wasiwasi hayupo. Nilimkuta garini, amepiga magoti, amepitisha mkono mzima chini ya hita akipapasa sakafu. Palikuwa pakavu. Aliketi kwenye ngazi ya mlango akalia, kilio cha mtu aliyekizuia tangu mchana. Muuguzi ndiye aliyekuja kutuita: mama yuko hai, na mtoto, wa kike, amekataa kulia kwa muda kisha akalia kwa hasira.

Kesho yake, mkono ukiwa na bendeji, alirudisha dashibodi. Alipomaliza, skrubu moja ilikuwa imebaki mezani. Sisi tulisema haina neno. Aliing’oa dashibodi yote upya mpaka akaijua kwao.

Wenzangu, kuna jambo moja nililigundua nikiwa nimeshakaa miaka mingi hapa, na nadhani halijaandikwa popote. Kila niliporudi kutoka mlimani, hata nikichelewa vipi, nilimkuta karakana. Mara anapanga spana, mara anafagia pasipo na takataka. Nilidhani ni mchapakazi tu. Siku moja mlinzi akaniambia: “Huyu mama kazi yake huisha mapema. Huwa anakusubirini ninyi. Hajawahi kuondoka gari la mwisho likiwa bado njiani.”

Kuanzia Jumatatu tutapanda na kushuka bila mtu huyo kutusubiri karakana. Sitaficha, jambo hilo linaniogopesha kuliko ukungu. Lakini seremala wake naye amemsubiri vya kutosha, na ana haki yake.

Mama, kwa niaba ya madereva, mafundi, wauguzi na wakunga, na wagonjwa ambao hawakujua jina lako, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mzito na siku njema nyingi. Nimetazama uani kabla ya kumaliza kuandika: magari yote yamerudi. Nenda nyumbani.