Ogada Arudisha Ufunguo wa Karakana

Jumanne hii, tarehe 30 Juni 2026, Mzee Jotham Ogada anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya kampuni yetu ya vyombo vya sauti hapa Nakuru.

Aliajiriwa kubeba spika. Mgongo ulipomlalamikia, akahamia kwenye meza ya kurekebisha mixer, ile mashine ya kuchanganya sauti, na amplifaya, na hapo ndipo alipokutana na opamp, ile chipu ndogo, au IC, ya miguu minane inayokuza sauti. Ikichoka, mhubiri husikika kama anahubiri huku akikaanga mandazi.

Msidhani hakuwahi kuchemsha. Kuna mwaka alisikia sifa za opamp mpya, ya kasi na ya bei, akajaza mixer nzima ya kanisa moja la Njoro. IC zikapata moto hazigusiki, sauti ikakwaruza, na harusi ya Jumamosi ikaendeshwa bila maikrofoni. Bibi harusi hakumsalimia tena. Tangu siku hiyo aliangalia kwanza saketi inataka nini, na mara nyingi alirudishia aina ile ile ya zamani ya bei ya chini. Akilazimika kuweka ya kasi, aliichomelea kapasita ndogo, kile kifaa cha kutuliza umeme, karibu kabisa na miguu yake inayopokea umeme ili itulie.

Kubadilisha IC hakukumaliza kazi. Kila mara alifunga mlango, akapandisha chaneli hadi mwisho bila mtu kusema neno, halafu yeye na mimi, Khisa, mwenzake wa karakana, tukavaa hedifoni na kusikiliza mvumo. Mashine haikutoka mpaka sote wawili tukubaliane. Tulibishana sana, na sasa sijui nitabishana na nani, kwa sababu nafasi yake haitajazwa.

Tangu mkewe, Mama Travis, aage dunia, Ogada anaishi peke yake mtaa wa Bondeni. Watoto wao wako mbali: Travis yuko Doha, Valarie yuko Kisumu. Hakutaka zawadi ya kuagwa. Aliomba tu aruhusiwe kuja karakana kila Alhamisi tusikilize pamoja. Ofisi ilimjibu kwa adabu kwamba bima haimhusu mstaafu. Akasema, “Ni sawa, boss, mimi naelewa,” akaweka ufunguo mezani. Baadaye nilimwona amesimama nje ya lango muda mrefu, hana haraka ya kwenda popote. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mzee Ogada, kampuni nzima inakushukuru kwa kazi, kwa subira na hata kwa ubishi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku njema za kupumzika. Ila bima haijasema lolote kuhusu mimi kuja Bondeni. Alhamisi usitoke nyumbani. Nitakuja na mixer ya kanisa la Kabazi. Nimeshabadilisha opamp ya chaneli ya tatu. Nadhani imetulia, lakini nimeisikiliza peke yangu.