Mgawa Dawa Aliyetuita kwa Siku za Wiki

Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho kukalia benchi letu ni lini? Miezi minne? Sita? Umepata nafuu kidogo, vidole vimenyooka, ukasema kliniki ya viungo waachiwe wagonjwa. Hongera! Jarida la kliniki limekufuata nyumbani kwa kuwa miguu yako imekataa kukuleta huku, na habari iliyomo si ndogo: mgawa dawa wetu anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye dirisha lilelile.

Anayesema ni Bibi Jumatatu, mpanga foleni. Darasani sikuingia hata kufagia, kwa hiyo kalamu kaishika mjukuu wangu, nami nimemwonya asinirembeshee maneno.

Mstaafu wetu alianzia stoo, akibeba maboksi. Akaenda kusomea kazi ya dawa, akarudi, akapewa dirisha. Mara mbili wakubwa walitaka kumpandisha awe msimamizi wa stoo kuu, na mara mbili alikataa. Alisema maboksi hayamsalimii asubuhi. Ukimwita daktari, anakukemea: "Daktari yuko mlango wa tatu. Mimi ni mtu wa dirishani, hata miguu yangu hujawahi kuiona." Ni kweli. Nusu ya wagonjwa hawajui kuwa ni mfupi. Humo ndani anasimama juu ya kreti la soda.

Kazi zake nyingine hazikuandikwa popote. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu ambaye viungo vilimvimba kila alipokuja, na dawa alikuwa anapewa. Daktari akataka kumwongezea. Mgawa dawa akamwomba yule mama afungue chupa mbele yake. Hakuweza. Kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kilikuwa kimemshinda wiki tatu, na kumwomba mkwewe akaona haya. Tangu siku hiyo hakuna mwenye baridi yabisi aliyetoka pale na chupa ngumu. Dawa zikaanza kutolewa kwenye bahasha za karatasi, zenye alama ya jua kwa asubuhi.

Sasa nieleze langu, maana ndilo lililompa jina kila mmoja wetu.

Miaka ishirini na moja iliyopita nilifika pale mikono imekunjamana kama makucha. Nikaandikiwa vidonge vinne vya kumeza siku moja tu katika wiki. Akaniambia vizuri, nikaelewa vizuri. Watu wasiseme bibi hakusikia. Ni ubishi. Nilifika nyumbani nikawaza: kama vinne vinatosha wiki, vinne kila siku si vitaniponya kabla ya mwezi kwisha? Nikameza kama karanga. Siku ya tisa mdomo mzima ulikuwa vidonda, fizi zinatoka damu, homa inanitikisa. Damu yangu ilikuwa imeshuka hadi daktari akaongea na watoto wangu kando.

Nililazwa wiki tatu. Wiki ya pili akaja yeye, na koti lake jeupe lisilo na kifungo cha chini, akasimama miguuni pa kitanda. Nikamwambia, "Usinitazame hivyo, mwanangu, ujinga ni wangu." Akasema, "Hapana, Mama. Nilikuambia kiasi. Sikukuambia kwa nini."

Basi, alipotoka pale akabadilika. Kila mwenye vidonge vya wiki akaambiwa achague siku, na siku hiyo ikawa jina lake dirishani. Fundi cherehani alichagua Jumapili kwa kuwa kesho yake kichefuchefu humlaza, na Jumatatu duka lake halina wateja. Dereva wa lori akawa Jumamosi. Walipozidi tukapata Jumanne Mkubwa na Jumanne Mdogo, na ugomvi wao juu ya nani mkubwa haujaisha mpaka leo. Mimi nilikuwa Mama Jumatatu. Nimezeekea kwenye jina hilohilo. Baadaye wakaniajiri kupanga foleni, mwaka wa kumi na saba sasa, kwa sababu wenye viburi nawajua kwa kuwatazama tu.

Na kila mtu aliambiwa kwa nini. Alikuwa akisema: kinga ya mwili wako ni mbwa wa ulinzi aliyegeuka kuuma wenye nyumba. Dawa inamfunga mnyororo. Lakini mbwa aliyefungwa, mwizi akija hatoki, kwa hiyo ukipata homa usikae nayo nyumbani ukisema itapita. Ndiyo maana hakumpa mtu vidonge vya wiki kabla ya kuona majibu ya damu. Aliwasukuma wenye lupasi, wale ambao mbwa huyo huwauma hadi ngozi na figo, wakapimwe macho kila mwaka kwa kuwa dawa yao moja huweza kuyadhuru, hata waliomtukana kuwa wao wanaona vizuri mpaka dosari za majirani.

Ningetamani kuishia hapa, tucheke, tukate keki. Lakini mtu huyu haondoki na moyo mweupe, nami sitamwandikia uongo.

Kuna Alhamisi mmoja. Tunao watatu; huyu jina alilipata kwa siku ya kuchukua bahasha yake, naye anajijua. Lupasi ilikuwa imemgusa figo, akawekwa kwenye prednisoloni, vidonge vya kila asubuhi, vingi. Figo zikatulia, uso ukavimba ukawa duara. Akaenda kwenye sherehe ya kwao, mawifi wakampigia vigelegele: "Umenawiri, mwenzetu! Ndoa imekukubali!" Alikuja kunisimulia akicheka, machozi yanamdondoka. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Miezi mitatu. Simu haipatikani. Dada yake anasema kasafiri, na anavyolisema unajua hajasafiri.

Kila Alhamisi mgawa dawa anafungasha bahasha yake, na jioni anairudisha kabatini. Wiki iliyopita akaniambia, "Bibi, naogopa ameviacha kwa mkupuo. Mwili uliozoea kuletewa dawa hiyo huacha kujitengenezea ya kwake. Ukikatiwa ghafla, unaanguka. Nilimkataza kuviacha. Sikumwambia kwamba vikipunguzwa polepole, uso hurudi. Nimeziona nyuso zikirudi, nyingi tu."

Kwa hiyo, mgawa dawa wetu, benchi zima linakushukuru. Umetuita majina mpaka tukaacha kujisahau. Nenda kapumzike, lala mpaka jua likuchome, uzee ukupokee taratibu. Usisumbuke na dirisha; binti uliyemfundisha ameshayajua majina yote, na mimi bado nipo nje.

Na wewe Alhamisi, sikiliza, nasema na wewe kama ninavyosema na wangu. Kama unatapika, kichwa kinazunguka au una homa, usingoje kliniki: nenda leo hospitali iliyo karibu, uwaambie ulikuwa unameza nini na umeacha lini. Kama uko salama, njoo kabla ya Ijumaa hiyo ya mwisho. Usivimeze vilivyobaki vyote kwa pamoja ukidhani unafidia. Vibebe kama vilivyo, vya kabatini kwako na ulivyoficha chini ya godoro. Ukifika usikae kwenye foleni, nitakupitisha mimi, na atakayenung'unika aje aninung'unikie mimi. Mtandio wa kujifunika uache nyumbani. Njoo na uso huohuo ulio nao.