Maharage Yalifuata Udongo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, akina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliozima injini ili mnisikie, ndugu wageni waalikwa: habari za asubuhi. Kwa Kisukuma chetu, mwangaluka. Kwa Kirundi, mwaramutse.

Kabla ya yote, Mheshimiwa, nikuombe radhi kwa harufu. Nilikuona uliposhuka garini ukapeleka mkono puani, halafu ukaurudisha kwa heshima zako. Harufu hiyo ni yangu mimi. Nitaieleza, ila sio sasa hivi.

Kwa wasionifahamu, naitwa Manyanda, mfugaji wa Shanwe, mwenyekiti wa kamati ya ukingo huu wa mto. Nimesimamishwa hapa nisifu kazi iliyofanyika. Nitasifu, lakini mtanivumilia nikisifu huku natazama chini.

Mnakumbuka hapa palivyokuwa. Makarasha yalisaga mawe ya dhahabu mchana na usiku, mialo ya kuoshea ikapangana hadi majini, na marudio, ule mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu, yakarundikwa ukingoni kama vichuguu. Wenye makarasha wakahama, wakatuachia mashimo na zebaki, na kila masika mto ukawa unamega ukingo na kusogelea nyumba za watu. Nani kati yetu alithubutu kumleta mtoto wake acheze hapa? Leo kuna kuta za mawe kule chini, majani ya vetiva ya kushika udongo huku juu, mabenchi, na njia ya kutembelea. Ukingo umeshika. Masika yaliyopita mto ulikuja na hasira zake zote, ukapita, ukatuacha.

Sasa niwaulize. Ni kipande gani kilichoshika kuliko vyote? Mnakijua. Ni pale palipokuwa na karasha kubwa. Tulipogawana kazi kimtaa, kila mtaa ulikimbilia penye udongo laini, na wenzetu wa Ng'ambo, wale ambao wazazi wao walitoka Burundi, wakaachiwa pale karashani, kwenye udongo wa njano ambao hata magugu yalikuwa yameususa. Halmashauri ilikuwa imepanga kuleta udongo mzuri. Gari likaharibika, udongo haukuja, na sisi tukaendelea na vipande vyetu kana kwamba hatujui.

Kiongozi wao, Mama Médiatrice, hakulalamika. Yeye na wenzake wakawa wanapita asubuhi na mabeseni kichwani. Tuliwaona, tukawasalimia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Jamani, mmebeba nini?"

Mvua zikanyesha. Vipande vyetu vikaota vetiva. Kipande chao kikaota vetiva na maharage! Maharage yenyewe yamenawiri, na magimbi mawili matatu pembeni. Ndugu zangu, nyie mlikuwepo kwenye ule mkutano. Mtu akapaza sauti kwamba hawa wamegeuza bustani ya umma kuwa shamba, na wote tunajua kulima ukingoni mwa mto ni marufuku. Mwingine akasema watu wa kuja wamezoea kugawiwa ardhi. Na sisi tukapiga makofi! Sisi, Wasukuma, ambao baba zetu waliingia Katavi wakiswaga ng'ombe, tumepata wapi ubavu wa kumwita mtu mtu wa kuja?

Mama Médiatrice akasimama aeleze. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, kaa chini." Tukaenda kuyang'oa maharage yale mbele ya macho yake, tukawatoa wote kwenye kazi, tukarudi nyumbani tumeridhika, tukala tukashiba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliponywa, halafu tukamtimua mganga.

Juzi Jumapili nilikwenda kwake, Ng'ambo, kumpa mwaliko wa leo. Nikapitia nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na bustani yake, ile iliyokuwa ikilisha nusu ya mtaa wa Makanyagio. Nikakuta changarawe. Nikauliza, "Mama, hapa pamepatwa na nini?"

Akanitazama, hakukasirika, bora angekasirika. Akasema, "Yale maharage hatukuyapanda, Baba Manyanda. Yalifuata udongo."

Basi ndipo nikaelewa mabeseni yale. Walichota udongo wa bustani zao, udongo walioulisha majivu na maganda miaka yote, wakaujaza pale karashani ili majani yapate pa kushika, na mbegu zilizolala ndani yake zikaota. Huo ndio ukingo tunaouzindua leo. Na mama huyu aliyekuwa akituuzia maharage, mwaka huu ananunua maharage sokoni. Ndugu zangu, niliona aibu hadi nikakosa pa kuweka mikono.

Mheshimiwa, nirudi kwenye ile harufu. Nje ya uzio kuna mikokoteni ya ng'ombe, imepangana hadi barabarani. Wengi mmedhani ni mbolea ya bustani hii. Hapana. Bustani hii imekwisha kula vya watu, inatosha. Hiyo ni samadi ya mazizi yetu, wafugaji wa Shanwe, na ukimaliza kukata utepe, tunavuka nayo kwenda Ng'ambo.

Mama Médiatrice, nakuona umekaa mstari wa nyuma kabisa. Kiti cha mbele tulikuwekea, umekikataa, na una haki. Siwezi kukuomba msamaha wako hapa. Tulikuaibisha mbele ya watu, hatuwezi tena kukulazimisha utusamehe mbele ya watu. Na samadi haiwi udongo kwa siku moja, tunajua, kwa hiyo tutarudi nayo kila msimu, utusemeshe usitusemeshe.

Siku ile ulisimama useme, nikakukalisha. Leo nakaa mimi. Ukipenda kusema, kipaza sauti hiki hapa. Usipopenda, tuoneshe tu kwa mkono mahali pa kumwaga.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza. Nakaa.