Mama Stendi Anavua Ovaroli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chali chini ya mabasi yetu, Mama Stendi anastaafu Ijumaa hii. Wafanyakazi wapya hudhani jina lake limetokana na stendi ya mabasi. Halikutoka huko, na kwa kuwa mwenyewe hapendi kulieleza, nimeombwa nilieleze mimi niliyefanya naye kazi tangu mwanzo.

Aliingia karakana hii akiwa msichana, kazi yake kuosha vipuri. Mafundi walikuwa wakimtuma spana namba kumi na saba huku wakisubiri alete kumi na tisa wapate kucheka. Hakuwapa nafasi hiyo. Akapanda hadi kuwa fundi wa injini, kisha akaolewa na dereva wetu wa safari za mbali, mtu mpole aliyekuwa akileta basi karakana hata lisipokuwa na ubovu wowote. Tangu hapo madereva wote wakamwita shemeji.

Wawili hao walipopata gari lao dogo, kuukuu, waliamua kulibadilishia oili wenyewe nyumbani. Vifaa walinunua kidogo kidogo: spana ya kufungulia bolti ya oili, kifungulio cha filta, beseni la kukingia oili chafu, faneli, na jeki. Zilibaki stendi za chuma, zile zinazowekwa chini ya gari likishainuliwa ili uzito usiachiwe jeki peke yake. Hizo wakasema watanunua mwezi ujao.

Mume hakungoja. Jumapili moja asubuhi, mkewe akianika nguo upande wa pili wa nyumba, aliinua gari kwa jeki akaingia chini. Jeki ikateleza. Tulipofika, majirani walikuwa wameshalinyanyua gari kwa mikono, na shemeji yetu amekaa chini uani, amempakata mumewe, gauni limelowa oili. Binti yao mdogo alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Katika pilikapilika zile, hakuna aliyekumbuka kumwingiza ndani.

Mazikoni hakulia. Aliporudi kazini, meneja alimwambia kwa upole ahamie stoo, mbali na magari. Alishukuru, akakataa. Dereva mmoja alimpokea kwa salamu ya siku zote, akamwita shemeji, na hapohapo akatamani ardhi ipasuke immeze. Yeye hakukasirika.

"Shemeji wa nani tena?" alisema. "Niiteni mama."

Wiki hiyohiyo alimwendea fundi wa kuchomelea na kumwomba amuundie stendi kwa mabomba mazito yaliyokuwa yametupwa nyuma ya karakana. Alizijaribu kwa kuzibebesha basi kutwa nzima, akazipaka rangi nyekundu, akatangaza kwamba mfanyakazi yeyote anayetaka kubadilisha oili nyumbani aje aazime. Jumamosi mchana, kazi zikipungua, alitandika turubai sakafuni na kufundisha: gari liwe pahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari, injini iwe na uvuguvugu tu, isiwe ya moto. Lakini swali la kwanza lilikuwa lilelile kwa kila mtu, kwamba gari lako litasimama juu ya nini. Aliyekosa jibu hakufundishwa kingine chochote.

Si kwamba hatukucheka. Mhasibu wetu alimwaga oili chafu vizuri, akabadilisha filta vizuri, akatia oili mpya bila kurudisha bolti. Alikuja Jumatatu amenuna, akilalamika kwamba ameuziwa oili nyepesi mno. Mama Stendi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia oili yake haina kosa, ilipita tu kusalimia. Mhasibu huyo leo hubadilisha oili ya mtaa mzima, na haishi kujisifu.

Kisha kuna habari ya Mapepe, dereva wetu asiyejua kutulia, ambaye jina hilo tulimpa sisi. Alikuja asubuhi moja kurudisha stendi, akasimama nazo mlangoni pa karakana bila kuingia. Mama Stendi alimwuliza kama amezivunja.

"Jeki imeteleza, mama," alisema. "Mimi nikiwa chini."

Tuliweka spana chini, tukasogea.

"Gari je?" aliuliza Mama Stendi.

"Limekaa juu ya stendi. Halikushuka hata kidogo."

Mama Stendi alizipokea, akazipeleka mahali pake, akazipangusa kwa tambara. Halafu akaketi juu ya tairi akalia. Alilia kwa sauti, mbele yetu sote, kilio alichokuwa amekibana miaka yote ile. Mapepe alipiga magoti kando yake asijue la kufanya. Hakuna aliyerudi kazini mpaka alipomaliza mwenyewe, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli na kuuliza basi gani linasubiri breki.

Wiki iliyopita nilimsaidia kufungasha. Anahamia kwa binti yake, yule mtoto wa mlangoni, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anaishi mji mwingine. Kwake hakuna gari, na hataki hata la mgeni liegeshwe uani. Miaka mingi hakupenda kuja kumtembelea mama yake, kwa kuwa mama alinuka oili. Tuliweka kila kitu kwenye masanduku isipokuwa kisanduku cha vifaa. Nilimwuliza kama hatachukua hata spana moja ya kumbukumbu. Alitikisa kichwa.

"Mwanangu hawezi kuviona hivi," alisema. "Na mimi nataka kumwona mwanangu."

Basi vifaa vimebaki kwetu, na darasa la Jumamosi litaendelea chini ya Mapepe, ambaye safari hii ameahidi kutulia.

Mama, umetufundisha kurudi nyumbani salama hata kutoka uani kwetu wenyewe. Asante kwa kila bolti uliyoikaza na kila mmoja wetu uliyemkatalia. Karakana itakuwa pana mno bila wewe. Tunakuombea nyumba yenye kelele za wajukuu, chai uliyopikiwa na mtu mwingine, na binti anayekaa karibu nawe bila kusogea mbali.