Jina la Pili la Marehemu

Kijiwe chetu ni ubao uliowekwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha Fundi Redio na uwanja wa Fundi Mawe, mchonga mawe ya makaburi. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, na nasema wazi: hawa wateja wangu wanaongea kuliko wanavyokunywa. Jioni ile jiwe la mke wa Fundi Redio lilikuwa limeegemezwa ukutani. Jina la kwanza lilishachongwa. La pili lilikuwa la chaki, limefutwa na kuandikwa tena mpaka jiwe limekuwa jeupe. Kaka za marehemu wanataka la baba yao. Kitambulisho chake, tangu ndoa, kina la mume. Jiwe linapelekwa kesho.

— Fundi, nichonge lipi? Taa yenyewe inakwisha chaji, alisema Fundi Mawe.

— La baba, alidakia Wakili, ambaye mahakamani alikuwa mlinzi wa geti. Ndoa imeisha, jina linarudi kwao. Ni kama mtungi wa gesi, ukiisha unaurudisha.

— Mwenzako kafiwa, we unaleta mitungi, nikamwambia.

— Chonga yote mawili, alisema Bosi, ambaye hajawahi kuajiri hata paka. Mbele la mume, nyuma la baba. Mashemeji wakija, wapitie nyuma.

— Na huko aliko je? Wakili akapandisha sauti. Malaika wakiita la baba, naye kazoea la mume, si atakaa foleni milele?

— Basi apewe jipya kabisa, asiitike kwa yeyote, alisema Bosi.

— Hebu nyamazeni kidogo, alisema Fundi Redio.

Tukanyamaza. Kwa kijiwe chetu, hilo ni jambo.

— Mashemeji walishabeba nguo zake, na mashine yake ya kushonea. Watoto hatukujaliwa. Jina langu ndilo kitu pekee alichobaki nacho cha kwangu. Nikilitoa, mtu akipita pale atajuaje kama alikuwa na mimi?

Bosi akakuna shingo. Hata mimi nilijisikia vibaya, nikamwongezea Fundi Redio kahawa bila kuombwa.

Hapo akasogea dada mmoja, mgeni, kakumbatia redio mbovu. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda, anasubiri fundi.

— Samahani, baba. Pole sana. Wewe ukienda kaburini kumsalimia, utamwita nani?

Bosi akatazama ndani ya kikombe. Fundi Redio akaligeukia jiwe.

— Sijui, mwanangu. Sikuwahi kumwita kwa jina. Nikifika mlangoni nilikuwa nasema tu, nimerudi. Anaitika.

Fundi Redio akapokea redio ya yule dada, akaiweka mapajani.

— Fundi, futa hiyo chaki, akasema. Libaki hilo moja la kwanza. Nianze kulizoea.

Fundi Mawe akalipangusa jiwe kwa kiganja. Nikatikisa birika, tupu. Wakaaga mmoja mmoja. Fundi Redio akafunga kibanda, akachukua funguo, akaenda mpaka pale njia inapokata kwenda kwake. Akasimama. Kisha akarudi, akakaa kwenye ubao.

— Kahawa imekwisha, nikamwambia.

— Najua.

Nikawasha jiko tena.